Kitawi Chenye Umri wa Mzazi

Mlio wa mkasi wa muuza miche umekoma kando ya ukuta wa mtaa wa Buruburu, na Mama Mitchelle, muuza chai, bado anausikilizia. Jirani yake huyo hakutulia kamwe: aligeuza makopo, akapapasa majani, akarudi kugeuza. Msonobari mkongwe wa hapo ukutani ungekatwa kupisha ghorofa, naye alipanda vitawi vyake makoponi ili usipotee. Kimoja, cha kimo cha goti, kikatoa koni za mbegu kama mti mzima.

“Mtoto gani huyu ana mvi?” Mama Mitchelle alimtania.

“Vinasaba vyake bado vina alama za umri wa mzazi, mama. Hajui yeye ni mchanga.”

Muuza miche akakata vitawi vya kile kitawi akavipanda, labda hivyo vitasahau umri huo.

Msonobari uliangushwa Jumatatu, na ujenzi ukachukua nafasi ya makopo. Muuza miche sasa yuko mtaa wa Kariobangi, juu ya paa, na vitawi vitatu vya kile kitawi, ambavyo bado havijatoa koni.