Sketi ya kardinali

Katika salon, sebule ya wageni ya paroki yetu, hapa Bukavu, kuna picha kubwa ya kardinali wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Msumari ulishindwa kuibeba, basi imeegemezwa ukutani, chini. Mzee mwenyewe ni munene, mashavu yake ya mtu ambaye Kwaresima ilimpitia mbali. Ananiudhi tangu utotoni.

Maman yangu hana shida na mashavu. Kila Jumamosi, wakimaliza kufagia, yeye na wamama wenzake wanapiga magoti mbele ya picha, sindano za kroshe mkononi, wanaiga dantela, ile lesi ya kanzu yake nyeupe fundo kwa fundo, kuanzia pindo. Leo kila kiti cha mtaa wetu kimevaa sketi ya kardinali. Televisheni yetu pia. Nikisinzia kwenye fotei, naamka na maua ya dantela yamechapwa shavuni.

Jumamosi moja nilikuwa nimempelekea Maman mwavuli, padri mgeni akaingia, akawakuta wamepiga magoti kama watu wanaosali. Machozi yakamlengalenga.

"Wamaman," akauliza kwa sauti ya mahubiri, "munaona nini katika macho ya huyu mutumishi wa Mungu?"

Maman akainua kichwa, akamtazama kardinali usoni kama mtu anayeonyeshwa mgeni, kisha akarudi kwenye pindo.

"Utusamehe, Padri," akasema. "Kule juu bado hatuyafika."