Jina Lililotoka kwenye Kompyuta

Miaka ile ya tisini binti yangu alijifungua msichana hapa Roseville, ughaibuni, mjukuu wangu wa kwanza, mzuri mpaka manesi walikuwa wakiitana kumtazama. Akika, karamu ya kuzaliwa kwake, ikakaribia na mtoto hana jina. Mimi nilitaka la mama yangu, aliyefariki Mombasa nami niko huku, wala sikumzika. Mkwe mwenzangu, mama wa baba mtoto, naye alitaka la mama yake.

Tukapiga kura ya vikaratasi. Nilivikunja mimi, tena nimetoka kupika. Changu kikalowa samli. Mkwe akakinusa.

"Shoga, hiki kinanukia jikoni kwako! Sikubali."

Wallahi sikukusudia.

Binti yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta, akacheka. "Leteni kwangu. Mashine haina bibi." Akaiwasha yake, skrini nyeusi, hakuna picha hata moja, akaandika amri ya mstari mmoja. Tukakubaliana: ikitoa sifuri, jina langu, ikitoa moja, la mkwe.

Haikutoa kitu.

"Imekufa," nikasema.

"Haijakufa, Mama. Inangoja. Kubahatisha kwake inakuokota kwenye vidole vya watu, maana hakuna ajuaye utabonyeza lini hasa. Bonyezeni ovyo, nyote wawili."

Mimi sikusoma, lakini kubonyeza ovyo naweza. Tukabanana kiti kimoja, nyonga kwa nyonga, tukaishambulia kibodi.

"Bonyeza, usiikande kama chapati!" mkwe akaniambia.

"Na wewe unadonoa kama kuku mgonjwa!"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Ndipo ikatoka: moja.

Ilikuwa kama mama yangu anazikwa mara ya pili, na safari hii nipo. Nikanawa mikono, nikampakata mjukuu wangu, nikamwita kwa lile jina la kwao, mimi wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekubali. Halafu nikamwambia, "Haya, mama yangu, twende ukanyonye."

Mkwe akasikia. "Mama yako?"

"Mama yangu. Utanishtaki kwa kompyuta?"

"Mwite," akasema, machozi yakimlengalenga. "Hilo la mashine litakuwa la shuleni."

Sasa ni msichana mkubwa, kila neno ananijibu kwa Kiingereza. Lakini nikiita "Mama yangu!" huitika kutoka chumbani kwake: "Abee, Bibi."