Gauni la Nailoni Kwenye Gurudumu la Mwalimu Mwakio

Sisi tuliokulia Mwatate enzi zile hatukujua kwamba mtu anaweza kulipa ili azungushwe. Tulikuwa na gurudumu kuukuu la mkokoteni wa mkonge. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Mwakio, alilichomeka kwenye gogo uwanjani, akaligongomelea mbao juu. Likikwama, tulilipaka mafuta ya ng'ombe. Wanne walikaa, wengine walisukuma huku wakikimbia, vumbi jekundu likitujaa puani.

Jumamosi moja nilikwenda na gauni jipya la nailoni, zawadi ya baba kutoka Mombasa. Mama alikuwa ameshanionya: "Hilo ni la kanisani. Likichanika, utavaa gunia." Lakini gauni la faida gani lisipoonekana? Nikakaa ukingoni kabisa, mikono nimeikunja kama mke wa chifu.

Rafiki yangu Wakesho, na sare yake ya pamba yenye viraka, alikaa kando yangu.

"Shika ubao, Mghoi."

"Shika wewe. Mimi sianguki."

Wakasukuma. Wakesho alitulia palepale kama aliyegundishwa. Mimi nikahisi makalio yanateleza, polepole, kisha si polepole tena. Nikaruka, nikatua kwenye ua wa mkonge. Gauni likachanika kuanzia kiunoni mpaka chini.

Wote walicheka isipokuwa Wakesho. Aliruka kutoka kwenye gurudumu likizunguka bado, akachubuka magoti yote mawili, akaja kunifunika kwa sweta yake.

Nikamlilia Mwalimu, aliyekuwa akitutazama kando ya uwanja, kwamba nimerushwa.

"Hakuna aliyekurusha," akasema, akijizuia kucheka. "Mwili ukishaanza mwendo hutaka kwenda moja kwa moja. Msuguano wa ubao ndio unaoushika ugeuke pamoja na gurudumu. Pamba ya Wakesho inashika. Nailoni yako inateleza kama bamia. Nawe ukachagua ukingoni, kwenye mwendo mkali kuliko kote!"

Jioni Wakesho alinisindikiza nyumbani, akamwambia mama kwamba yeye ndiye aliyenivuta. Mama hakuamini hata kidogo, lakini kiboko alikirudisha darini.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye mashine za kuzunguka zilizoletwa Voi. Walimfunga mikanda, akajipiga picha, akapiga mayowe kabla mashine haijawashwa. Mashujaa wa siku hizi! Aliposhuka nikamuuliza mtoto aliyekaa naye anaitwa nani.

"Sijui, nyanya. Kwani?"

Enzi zetu, hata waliosukuma ningekutajia mmoja mmoja, na majina ya mama zao.