Pete ya Kuchungulia Midomo

Wanajeshi walizibeba tarumbeta zote sita nzima za parokia yetu, wakamwachia mwalimu wa fanfari, yaani bendi ya matarumbeta, ile moja tu iliyovunjika. Aliukata ukingo wa sehemu yake ya kupulizia, akauchomea kwenye mpini wa kijiko, ukawa pete ya kuchungulia midomo inavyotetema. Kila alasiri huibandika kwa upole midomoni mwa wanafunzi, akivumisha na yake pamoja nao, maana midomo isiyozoezwa husahau.

Jana kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinyakua mkononi mwake. “Hii iko kitu ya redio?”

“Hapana, shefu. Ubandike ku mudomo, upulize.” Askari akapuliza, mwalimu akamshikia kioo. “Ona! Mudomo ya juu iko nalala.”

Foleni nzima ikacheka. Askari naye akacheka, akapuliza upya, mdomo ukaamka.

Basi ninyi makamanda mliozichukua, zirudisheni tarumbeta zetu kabla ya Pasaka!