Sekunde Arobaini za Mkokoni

Gharib Kamaludin alikuwa mtu wa Faza aliyehamia mtaa wa Langoni, mjini Lamu, baada ya kuoa, na kwa miaka tisa riziki yake ilitoka juu ya minara. Kampuni moja ndogo ya intaneti ilikuwa imesimamisha minara kumi na mmoja kuanzia mjini Lamu hadi bara ya kaskazini, na chini ya kila mnara palikuwa na kisanduku cha chuma. Ndani ya kisanduku mlikuwa na ruta, kompyuta ndogo isiyo na kioo wala vibonye, kazi yake kujua ujumbe ukifika hapo upite wapi. Ruta haizaliwi ikijua njia. Lazima iandikiwe majirani zake ni nani na iwasalimie kila baada ya muda gani. Tena lazima ijue isubiri kiasi gani kabla ya kumhesabu jirani kuwa amekufa.

Gharib ndiye aliyeziandikia zote. Alipanda boti, akashuka, akatembea mchangani na laptop mgongoni, akaketi kando ya kisanduku na kuandika. Kosa likionekana Faza naye yuko Kiwayu, hurudi Faza. Mgongo wake ulianza kumuuma kabla hajatimiza miaka arobaini.

Mnara uliomsumbua kuliko yote ulikuwa wa mwisho, Mkokoni. Mawimbi ya redio kutoka Kiwayu hupita juu ya maji kuufikia, na siku za bamvua, bahari ikijaa mpaka mikoko ibaki vichwa vitupu, yale mawimbi hupiga juu ya maji na kugongana yenyewe kwa yenyewe. Mnara hupigwa na uziwi kwa sekunde kumi, pengine ishirini, kisha husikia tena. Gharib alikaa siku tatu kijijini akiandika saa na dakika mpaka akalielewa jambo hilo. Minara mingine yote ilitosheka na sekunde nne: jirani akinyamaza zaidi ya hapo, hufutwa na njia yake huondolewa. Mkokoni aliiandikia sekunde arobaini, na Kiwayu vilevile, kwa sababu ruta mbili zisipokubaliana juu ya muda wa kusubiriana hazishirikiani kabisa. Tangu siku hiyo mtandao wa Mkokoni ulikwama kidogo wakati wa bamvua, lakini haukufa.

Siku hizo tatu alikaribishwa na Bi Maram, mjane ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye mnara. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa kisanduku. Alikuwa na binti mmoja, Sumeiya, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Sumeiya alipewa simu yake mara moja tu kwa wiki, Ijumaa alasiri, kwa muda wa saa moja, na simu za kawaida hazishiki Mkokoni. Mazungumzo ya mama na mwana yalipita kwenye mnara ule.

Mwaka wa tisa, kampuni ilimleta mhandisi kutoka Nairobi, dada mmoja mpole aitwaye Cherotich. Alimwonyesha Gharib programu ya kusimamia mipangilio. "Tunaandika kwenye faili moja jinsi tunavyotaka kila ruta iwe," alisema. "Kila saa programu inaingia katika kila ruta na kulinganisha. Ikikuta tofauti, inairudisha kama ilivyoandikwa. Hutapanda boti tena, Bwana Gharib, isipokuwa kitu kimevunjika."

Gharib aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Kwa miezi mitatu alikaa ofisini akihamishia kwenye faili, kimoja baada ya kingine, kila alichokuwa akikijua kichwani: mnara wa Faza unaopoteza umeme, ule wa Siyu wenye antena ya aina ya zamani, na Mkokoni na sekunde zake arobaini. Kwa Mkokoni aliongeza na mstari wa maelezo: *Maji ya bamvua. Usipunguze.* Siku ya kwanza alipobonyeza na minara yote kumi na mmoja ikabadilika kwa dakika mbili, alikaa akitazama kioo. Alifika nyumbani akamwambia mkewe Thuwaiba kwamba sasa watakula chakula cha mchana pamoja siku zote.

Wakala pamoja wiki saba. Kisha ikaja barua ya heshima ikimshukuru kwa utumishi wake. Ruta zilijiandika zenyewe sasa, na yote aliyokuwa akiyajua yalikuwa ndani ya faili.

Baadaye kampuni ilibadilisha mikono. Wamiliki wapya walitaka minara iwe sawa yote, na mtu ambaye Gharib hakumjua jina aliipitia faili na kufuta kila kilichotofautiana na vingine. Mstari wa maelezo ulifutwa pamoja na sekunde zake.

Habari zilimfikia kupitia mvuvi aliyeleta ujumbe wa Bi Maram. Bamvua mbili zimepita, mtandao hauko kila maji yanapojaa, na siku zile maji hujaa alasiri, saa ileile ya Sumeiya. Wamepiga simu kwa kampuni, wakaambiwa wangoje.

"Wewe si mtu wao tena," Thuwaiba alimwambia. "Wataka kwenda kama nani?"

"Kama aliyeiandika," Gharib akajibu.

Alifika Mkokoni Alhamisi mchana. Bi Maram alimpa ufunguo. Gharib aliunganisha laptop, nywila yake ya zamani ikakubali, akaona sekunde nne palipokuwa na arobaini. Akabadilisha Kiwayu, akabadilisha Mkokoni, na mtandao ukakaa imara huku maji yakizidi kupanda. Bi Maram alimletea chai na mkate wa mofa pale pale mchangani.

Saa ilipotimia, mtandao ukakatika. Alifungua akakuta nne. Alidhani amesahau kuhifadhi, akaandika tena. Saa iliyofuata zikarudi nne. Hapo akazisoma kumbukumbu za ruta na kuona nani aliyeingia. Ilikuwa ile programu ikifanya alivyoifundisha, ikikuta mtu amegusa na kurudisha kama ilivyoandikwa.

Mtandao uliporudi alimpigia Cherotich.

"Mimi pia sina funguo za programu tena," Cherotich alisema. "Waliniondoa mwezi uliopita. Pole sana, Bwana Gharib. Nitakutumia anwani ya malalamiko. Waandikie, eleza kila kitu."

Aliandika ukurasa mzima. Mara moja ukaja ujumbe wenye namba ya malalamiko, basi.

Angeweza kuifungia programu nje ya ruta. Alijua namna, na usiku kucha wazo hilo lilimkalia. Lakini mnara haukuwa wake, na tayari alikuwa ameugusa bila idhini. Mtu akifungiwa nje ya mali yake hupeleka jambo kituo cha polisi, na Gharib alikuwa na watoto. Akaamua njia ya katikati: atakaa kando ya kisanduku Ijumaa alasiri, na programu ikipita tu, ataandika upya. Kwa hesabu yake, Sumeiya angekosa dakika moja.

Baada ya sala ya Ijumaa alikaa pale na laptop mapajani. Bi Maram alikaa kizingitini na simu mkononi, hatua sita kutoka kwake. Maji yalikuwa yamefika kwenye shina la mikoko ya mwisho. Simu ililia saa kumi na dakika hamsini, kwa kuchelewa.

"Umechelewa, mwanangu," Bi Maram alisema.

Gharib aliisikia sauti ya Sumeiya, nyembamba, ya haraka. Aliuliza hali ya mama yake, akauliza habari ya mguu wake, kisha akateremsha sauti kama mtu anayetazama nyuma.

"Mama, nisikize vyema, sina wakati. Hawa watu wataka kunihamisha. Wanipeleka nti nyingine, kwa jamaa yao. Andika jina, ni mui wa—"

Saa kumi na moja kamili, programu ikapita.

Gharib alikuwa ameshaanza kuandika. Mkokoni ilikubali papo hapo, lakini Kiwayu ilikuwa ng'ambo ya maji, na maji yalikuwa kwenye kilele chake, mnara haukusikia kitu. Alingoja. Antena ikashika, akaandika nusu, ikaachia. Akaandika tena. Mtandao uliporudi zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Bi Maram alipiga. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Alipiga tena na tena, na mara ya tano haikuita.

"Imezimwa," alisema, akamnyooshea Gharib simu kana kwamba nayo ni kitu cha kutengenezwa.

Ijumaa iliyofuata Sumeiya hakupiga, wala ile ya baada yake. Gharib alikwenda na Bi Maram katika ofisi za serikali Faza, wakajaza fomu. Walimtafuta Mombasa wakala aliyempeleka Sumeiya, na penye ofisi yake wakakuta chumba mnamouzwa mapazia. Walioulizwa wote waliuliza swali moja: amehamishiwa nchi gani, mji gani? Bi Maram alikuwa na neno moja tu la kuwapa, mui, yaani mji, bila jina lake.

Kampuni ilijibu malalamiko siku ya kumi na mbili. Waliukagua mnara wa Mkokoni, waliandika, na mipangilio yake iko sawasawa na iliyokusudiwa. Hitilafu haikuonekana. Miezi minne baadaye waliuteremsha mnara kwa sababu wateja wa huko walikuwa wameacha kuutumia.

Sasa Gharib anafanya kazi katika duka la binamu yake Langoni, akiwachapia watu barua na kuwajazia fomu za mtandaoni. Mara mbili ameitwa Mombasa kwa kazi ya programu kama ile, na mara mbili hakwenda. Thuwaiba ameacha kumuuliza.

Mwezi uliopita alikwenda Mkokoni kumjulia hali Bi Maram. Alimkuta akichambua mchele. Walikula, wakazungumza habari za mvua na za bei ya mafuta ya boti. Bi Maram hajawahi kumlaumu, hata kwa neno la pembeni, na Gharib angeona afueni lau angemlaumu.

Alipokuwa akivaa viatu, mama yule alimuuliza, "Wewe uliyesikia, mwanangu. Ule mui aliotaka kuutaja Sumeiya, waonaye, herufi yake ya kwanda ilikuwa gani?"

Gharib alifikiri, kwa sababu kila mara anapoulizwa hufikiri.

"Sikuisikia, Bi Maram."

"Na mimi sikuisikia," akasema, akarudi kwenye mchele wake.