Nilivyoulilia Mtaa wa Kadibodi

Nikisimulia hii bado nafunika uso kwa leso, lakini heri niwaambie mwenyewe kuliko muisikie kwa jirani yangu Mama Achieng, ambaye huongeza chumvi.

Tangu mume wangu afariki sikosi matanga. Mwili wake ulipoletwa kwenye uwanja wetu mdogo hapa karibu na Jogoo Road, watu walijaa wakanishika mkono, na uwanja ndio huo huo mmoja tu (watoto huchezea hapo, harusi ni hapo, na kila anayesafirishwa kwenda kuzikwa kwao huagwa hapo). Uvumi kwamba utachukuliwa ulikuwa umeanza kuninyima usingizi. Basi siku ya kumuaga Mzee Kamau, seremala wetu, nikakuta tenti, viti vya plastiki, mtu na kipaza sauti, na mbele meza yenye kitu kilichofunikwa shuka jeupe, nami nikaona nisiulize (utaulizaje msibani?), nikapita moja kwa moja hadi mbele nikilia. Na watu wetu mnawajua, mtu akienda mbele akilia hakuna anayebaki ameketi. Wakapanga foleni nyuma yangu, wanaume wamevua kofia.

"Umetuachia nani, Mzee Kamau?" nikasema, nikaweka mkono juu ya shuka, na kitu kikabonyea.

Msichana mwenye kitambulisho shingoni akaniinamia. "Pole, mama. Tulikuwa bado hatujafunua." Akavuta shuka.

Vijumba vya kadibodi. Magorofa, vimiti vya sponji, na gorofa moja nililobonyeza limelala upande.

"Mathe, hakuna mtu amededi hapo," kijana mmoja akasema kwenye foleni. "Hao ni watu wa kaunti, wamekuja kupanga mtaa wetu. Mzee Kamau analetwa saa nane."

Tenti nzima ikacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Ningejiondokea, lakini macho yakatua mahali pa uwanja wetu kwenye ule mtaa wa kadibodi, nikaona vigari vya plastiki vimepangwa safu safu.

"Uwanja uko wapi?" nikauliza.

"Hapo patakuwa pa kuegesha magari, mama."

"Sasa mtu kama Kamau tutamuagia juu ya gari la nani?"

Sikuwa nafanya mzaha, kamasi zilikuwa bado zinanitoka. Kicheko kikakatika.

"Mjibu mama," Mama Achieng akasema kutoka nyuma, na hakuna aliyerudi kuketi.

Msichana akaviokota vile vigari kimoja kimoja akabaki navyo mkononi, akasema ataandika kwamba wenyeji wanataka uwanja wao. Aliandika, nilimwona. Kama huko ofisini walivirudisha, sijui, ila mpaka leo watoto bado wanacheza pale.

Saa nane Mzee Kamau akaletwa, na mimi machozi yameniishia, nikasimama pale mkavu kama mgeni.

Nimeapa kwamba nikiona tenti tena nitauliza kwanza ni ya nini. Mama Achieng amenikataza. Anasema kaunti wakija tena niingie vile vile, na nianze kulia nikiwa bado barabarani.