Mkalimani Alikuwa Jikoni

Mwanangu, naikumbuka siku niliyoandika "hakohoi" huku nikimsikia mwanamke akikohoa nyuma ya pazia. Kalamu haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Ilikuwa Migori, miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyetoka shule juzi, nimeajiriwa na watafiti wa afya kuuliza habari za kifua kikuu kwa Wahindi wenye maduka na kwa wageni waliofuata kazi mjini. Msimamizi wetu alituagiza: mke wa Mhindi asipojua Kiswahili, muulizeni mume, mkalimani hatuna.

Mwenye duka alinijibu huku akipima sukari. "Mke wangu mzima. Vumbi tu hiyo. Andika, dada, wateja wanangoja."

Nilimwelewa. Habari za kifua zikitoka nje, nani angenunua unga kwake? Lakini kuielewa hofu ya mtu ni jambo moja, kuiandika kuwa ukweli ni jingine. Mimi niliiandika.

Nilipotokea uani, mpishi wao alinizibia njia, sufuria mkononi. Aliitwa Mama Robi, Mkuria wa Kegonga, miaka kumi na moja katika jiko lile.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umemuuliza nani?"

"Mwenye nyumba."

"Kwani yeye ndiye anayetema damu?"

Nikajitetea kwamba sijui Kigujarati. Akacheka, kicheko kama kofi. Akageukia ndani, akasema maneno kwa Kigujarati, na sauti dhaifu ikamjibu kwa kirefu.

"Anasema ni tangu tulipopanda mahindi. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, namuuguza. Mbona hukuniuliza? Ama kwa karatasi yako mpishi si mtu?"

Nikaitazama fomu. Ilitaka watu wa familia tu. Mpishi hakuwa na mstari.

Nilimkimbilia msimamizi. "Fomu imejaa," akasema. "Usiniharibie kazi. Kesho ni Oyugis." Nami nikapanda gari, nikaenda Oyugis.

Wiki chache baadaye mke wa mwenye duka alipelekwa hospitali Kisumu akiwa amebebwa, na duka likafungwa. Wazee husema mficha maradhi kifo humfichua. Huyu hakuficha kitu. Alikohoa mchana kweupe, tukamfichia sisi, tena kwa mwandiko mzuri.

Basi wewe unayezunguka na maswali, muulize anayeumwa. Kama humwelewi, mtafute anayemwelewa. Usikomee kaunta, ingia mpaka jikoni. Na wakikukataza kusahihisha, kasirika papo hapo. Hasira iliyochelewa, kama hii yangu, haimtibu mtu. Mungu akupe masikio, kisha akupe moyo wa kuyatetea.

Mama Robi alirudi kwao Kegonga duka lilipofungwa. Naye alikuwa ameanza kukohoa. Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza.